Hatari Inayobaki Kwenye Damu Iliyokwisha Kupimwa

Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa wa Dodoma na watu 2,083,588. Sensa ya 2022 ikaukuta na watu 3,085,625. Ongezeko la watu milioni moja ndani ya miaka kumi si jambo dogo kwa mkoa wa nyanda kavu, na linaonekana zaidi kwenye milango ya hospitali: Benjamin Mkapa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ambayo wenyeji bado wanaiita Jenerali, Mvumi, na ukielekea magharibi, Mtakatifu Gaspar ya Itigi. Wanaofikishwa huko ni mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, kijana wa bodaboda aliyegongwa barabara ya Singida, mtoto wa selimundu aliyeishiwa damu. Wote wanahitaji kitu ambacho hakuna kiwanda kinachokitengeneza.

Shirika la Afya Duniani hutumia kadirio la jumla kwamba nchi inahitaji chupa 10 za damu kwa mwaka kwa kila watu 1,000. Kwa kadirio hilo Dodoma inahitaji chupa zipatazo 31,000 kwa mwaka, na Singida, yenye watu 2,008,058, chupa zipatazo 20,000. Sasa tujiulize: katika chupa hizo 51,000, zikishapimwa zote na kubandikwa lebo ya kuwa salama, ni ngapi ambazo bado zingempelekea mgonjwa maambukizi?

Hatari hiyo inayobaki baada ya kipimo haionekani kwa macho. Aliyeambukizwa homa ya ini B wodini anaweza kukaa miaka mingi bila dalili, na siku ini likianza kuharibika hakuna atakayekumbuka chupa aliyoongezewa Mpwapwa enzi hizo. Wengine hufariki kwa ugonjwa uliowaleta hospitali kabla ya maambukizi kujitokeza. Kwa hiyo kusema "hapa kwetu haijawahi kutokea" hakutoshi, hata kama ni kweli. Tuseme hospitali ya wilaya imetoa chupa 3,000, wagonjwa wote wakafuatiliwa na kupimwa upya, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kanuni inayojulikana sana kwa wanatakwimu inasema ukikuta sifuri baada ya kuangalia mara kadhaa, hatari ya kweli bado inaweza kufikia tatu ugawanye kwa idadi ya mara ulizoangalia, kwa uhakika wa asilimia 95. Tatu kwa 3,000 ni moja kwa 1,000. Ukiipeleka namba hiyo kwenye chupa 51,000 za mikoa miwili, unapata watu 51 kwa mwaka, na sifuri ya ile hospitali haijavunjika. Ndiyo sababu wataalamu wa damu waliacha zamani kusubiri wagonjwa na kugeukia modeli za kitakwimu.

Modeli iliyozoeleka inaanzia kwenye mkono wa mchangiaji. Damu ya mililita 450 inaingia kwenye mfuko wenye dawa ya kuizuia isigande, na kidogo kinawekwa kwenye vichupa vya sampuli vyenye namba ileile ya mfuko. Sampuli inapimwa mambo manne: Virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Kama mchangiaji aliambukizwa VVU wiki iliyopita, virusi vimo ndani ya mfuko lakini kipimo hakivioni, kwa sababu mwili haujatengeneza kingamwili za kutosha. Siku hizo za upofu ndizo zinazoitwa kipindi cha dirisha. Hesabu yake ni nyepesi: chukua idadi ya watu wanaoambukizwa upya kwa mwaka miongoni mwa wachangiaji, zidisha kwa siku za dirisha, gawanya kwa 365.

Mwaka 1996 George Schreiber na wenzake walichapisha hesabu ya namna hiyo kwa Marekani katika jarida la New England Journal of Medicine, wakitumia kumbukumbu za wachangiaji zaidi ya nusu milioni waliotoa damu zaidi ya mara moja. Kwa dirisha la siku 22, hatari ya VVU ikatoka chupa 1 kati ya 493,000. Kwa homa ya ini C ilikuwa 1 kati ya 103,000, na kwa homa ya ini B 1 kati ya 63,000. Namba hizo zilitulia vichwani mwa madaktari wa dunia nzima kana kwamba ni tabia ya damu yenyewe. Lakini zilikuwa tabia ya wachangiaji wa Marekani wa wakati ule. Utafiti wa kitaifa wa VVU uliofanyika Tanzania mwaka 2022 hadi 2023 ulikadiria maambukizi mapya kuwa asilimia 0.18 kwa mwaka kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, yaani watu 180 kati ya 100,000. Iweke namba hiyo kwenye kanuni ileile na dirisha lilelile la siku 22, jibu ni takriban chupa 1 kati ya 9,200. Wanaochangia damu huhojiwa na kuchujwa kabla ya kulazwa kitandani, kwa hiyo hatari yao inatakiwa kuwa chini ya hapo. Hata hivyo hatuwezi kukopa namba ya Marekani na kuibandika kwenye jokofu la Kondoa.

Hadi hapo nimezungumzia dirisha tu, na ndilo linalozungumziwa sana. Kwa maoni yangu, katika mazingira yetu dirisha si mlango mkubwa kuliko yote. Mlango mkubwa ni kosa: mtu aliyeambukizwa miaka mitano iliyopita, ambaye kipimo chochote kizuri kingemnasa, anapita.

Ushahidi wenye uzito mkubwa ninaoujua juu ya hili unatoka kwa jirani. Mwaka 1994 watafiti walifuatilia chupa 1,290 katika hospitali sita nchini Kenya, na matokeo yakachapishwa na jarida la Lancet mwaka 2001. Asilimia 6.4 ya wachangiaji walikuwa na VVU. Hatari ya mgonjwa kuongezewa damu yenye virusi ilikadiriwa kuwa asilimia 2. Linganisha namba hizo mbili: karibu theluthi moja ya damu yenye virusi ilipenya. Dirisha peke yake lisingeweza kuzaa namba ya ukubwa huo hata kidogo. Kilichoizaa ni kazi ya maabara. Mtu aliyewahi kukaa zamu ya usiku katika hospitali ya wilaya hana haja ya kueleweshwa. Mama anatokwa na damu, ndugu wamekwisha kutolewa damu na wanasubiri koridoni, umeme umekatika, vitendanishi vimebaki vichache, na mtaalamu wa maabara yuko peke yake. Kipimo cha haraka kinachotakiwa kusomwa baada ya dakika 15 kinasomwa baada ya dakika tano kwa sababu daktari anagonga mlango. Au kipimo kimesomwa sawasawa, lakini namba ya kichupa imeandikwa kwenye mfuko mwingine.

Kosa nalo lina modeli yake: kiwango cha maambukizi kwa wachangiaji, zidisha kwa sehemu ya walioambukizwa ambao kipimo kinawakosa. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili kati ya mwaka 2004 na 2005 uliwapima wachangiaji 1,599. Waliokutwa na VVU walikuwa asilimia 3.8, homa ya ini B asilimia 8.8, homa ya ini C asilimia 1.5 na kaswende asilimia 4.7. Hao walikuwa wachangiaji wa Dar es Salaam, saba kati ya kumi wakiwa ndugu na jamaa wa wagonjwa, wakati Mpango wa Taifa wa Damu Salama ndiyo kwanza unaota mizizi. Nazitumia namba zao kama mfano wa kupigia hesabu, si kama picha ya Dodoma ya leo. Kipimo kikikosa mtu mmoja tu katika kila watu 100 walioambukizwa VVU, asilimia 3.8 inageuka kuwa chupa 38 kati ya 100,000. Dirisha lilitupa 11 kati ya 100,000.

Weka sasa mezani maamuzi mawili ambayo mganga mkuu wa mkoa anaweza kuombwa kuyagharimia. La kwanza ni mashine ya kutafuta chembe za urithi za virusi, inayoweza kupunguza dirisha kutoka siku 22 hadi kama 10: inaondoa chupa sita hatari katika kila 100,000. La pili ni kusimamia ubora wa vipimo vilivyopo, yaani vitendanishi visivyokatika, sampuli za majaribio zinazotumwa kwa siri kukagua maabara, lebo za kusomwa na mashine badala ya kuandikwa kwa kalamu, hadi kipimo kikose mtu mmoja kati ya 1,000 badala ya 100. Hilo linaondoa chupa 34, karibu mara sita zaidi. Mashine ni nzuri. Afrika Kusini iliianza kwa kila chupa mwezi Oktoba 2005 na haikujuta. Lakini hesabu inaonyesha lini inaanza kulipa: pale kiwango cha VVU kwa wachangiaji kinaposhuka hadi kama asilimia 1, kwa sababu hapo kosa na dirisha vinakuwa na uzito unaokaribiana. Kabla ya hapo, fedha za mashine zingeokoa watu wengi zaidi zikipelekwa kwenye benchi la maabara ya wilaya.

Kwa homa ya ini B hali ni kali zaidi. Kipimo cha haraka kikikosa watu watano katika kila 100, asilimia 8.8 inatoa chupa 1 yenye hatari katika kila 227. Lakini hapa modeli inadai swali jingine, ambalo VVU haiulizi: anayepokea ni nani? Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za watoto mwaka 2002. Mtoto aliyechanjwa ana kinga. Mtu mzima wa miaka 50 aliyekutana na virusi utotoni akapona naye anayo. Anayebaki wazi ni mtu aliyezaliwa kabla ya 2002 ambaye hakuwahi kuambukizwa wala kuchanjwa, na kwenye kundi hilo wamo wengi wa kina mama wanaojifungua leo. Chanjo hiyohiyo inabadilisha na upande wa kutoa, maana vijana wa chuo wanaochangia sasa ni kizazi cha kwanza kilichochanjwa. Modeli inayotumia kiwango kimoja cha maambukizi kwa wachangiaji wa rika zote itakuwa imepitwa na wakati.

Kwa bara zima, Sudha Jayaraman na wenzake walijaribu kuvifunga vipande hivi pamoja mwaka 2010. Walikadiria kwamba kusini mwa Sahara kila chupa 1,000 hueneza VVU kwa mtu 1, homa ya ini B kwa watu 4.3 na homa ya ini C kwa watu 2.5. Mahitaji yote ya damu yakitimizwa, walisema, damu peke yake ingesababisha maambukizi 6,650 ya VVU na 28,595 ya homa ya ini B kila mwaka. Mwaka mmoja baadaye, kundi lililoongozwa na Jean-Jacques Lefrère likatumia kumbukumbu za vituo vya damu vya nchi zinazozungumza Kifaransa na kupata hatari ya VVU iliyo ndogo kwa mara nyingi sana. Ugomvi wa kitaaluma ukazuka, na wapo wanaotaka mshindi. Mimi naona makundi hayo mawili yalipima damu mbili tofauti. Moja lilikadiria damu yote inayofika wodini, pamoja na ya ndugu aliyekamatwa koridoni na kupimwa usiku. Jingine lilitegemea wachangiaji wanaorudi, ambao walishapimwa mara ya kwanza na wenye maambukizi ya siku nyingi wakaondolewa. Tofauti kati ya majibu hayo mawili inatuambia jambo ambalo jibu moja pekee lisingetuambia: kurudi kwa mchangiaji kuna thamani kubwa mno.

Kwa muda mrefu tumefundishwa kugawa wachangiaji kwa nia: wa hiari kwa upande mmoja, ndugu wa mgonjwa kwa upande mwingine. Jean-Pierre Allain, aliyefanya kazi miaka mingi nchini Ghana, ameeleza kwamba ukimlinganisha ndugu na mchangiaji wa hiari anayekuja kwa mara ya kwanza, tofauti ya maambukizi si kubwa kama tulivyodhani. Tofauti ya kweli iko kwa anayerudi. Kwake, kosa la kipimo linapungua kwa sababu amepimwa mara kadhaa, na kilichobaki ni dirisha tu. Tena ni yeye anayeiwezesha modeli kufanya kazi. Maambukizi mapya hupimwa kwa mtu aliyekuwa mzima Machi akakutwa ameambukizwa Septemba. Pasipo kumbukumbu ya Machi, hakuna hesabu. Mchangiaji anayesajiliwa upya kila anapokuja, leo kwa jina la baba na kesho kwa jina la babu, anahesabika kama watu wawili wa mara ya kwanza, na taarifa muhimu kuliko zote inapotea.

Dodoma ina nafasi ambayo mikoa mingi haina. Chuo Kikuu cha Dodoma na vyuo vingine vinakusanya maelfu ya vijana wanaokaa mjini miaka mitatu au zaidi, muda wa kutosha kuchangia mara nyingi. Wanakuja pia na historia za makwao. Utafiti uleule wa kitaifa ulikuta VVU asilimia 12.7 Njombe na asilimia 1.7 Kigoma, ilhali mwanafunzi wa Njombe na wa Kigoma wanakaa bweni moja na damu yao inaingia jokofu moja. Kiwango cha mkoa wa Dodoma hakimwelezi yeyote kati yao. Kwa malaria ni kinyume chake: nyanda zetu kavu zina malaria kidogo, lakini kijana aliyetoka likizo Kigoma au Tabora anaweza kuwa na vimelea bila homa, na kipimo cha malaria hakimo katika vile vinne. Utafiti uliofanywa Kumasi, Ghana, na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa walioongezewa damu yenye vimelea ambayo haikusafishwa, asilimia 22 walipata malaria kutokana nayo. Na vyuo vikifungwa, majokofu hupungukiwa na hospitali hurudi kwa ndugu. Modeli ya hatari ya damu kwa Dodoma inapaswa kuwa na kalenda ya masomo ndani yake.

Bakteria pia hawamo katika vile vipimo vinne. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliipima damu iliyokuwa ikiongezwa kwa watoto na kukuta bakteria katika asilimia 8.8 ya chupa. Usafi wa ngozi kabla ya sindano na ubaridi wa jokofu ndiyo kinga, na vyote viwili havihitaji uvumbuzi.

Kuna hatari nyingine ambayo nyanda za kati zinaijua kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa wa mwaka 2007 uliipiga Dodoma kuliko mkoa wowote. Zaidi ya nusu ya wagonjwa waliothibitishwa nchini walitoka hapa. Wengi wanaoambukizwa virusi hivyo huugua kidogo tu, na kwa siku chache virusi huwa ndani ya damu. Hapa nazungumzia hatari ya kihesabu, si kisa kilichothibitishwa. Lakini historia ya virusi vya West Nile, vilivyogunduliwa Uganda mwaka 1937, inatufundisha kutopuuza hesabu za aina hiyo. Brad Biggerstaff na Lyle Petersen walikadiria kwa modeli kwamba wakati wa mlipuko wa New York wa mwaka 1999, chupa kama mbili katika kila 10,000 zingeweza kuwa na virusi. Hesabu yao ilichapishwa mwaka 2002, na mwaka huohuo wagonjwa wa kwanza walioambukizwa kwa njia ya damu wakathibitishwa Marekani. Mwaka uliofuata upimaji ukaanza. Mvua kubwa zijazo zikileta tena vifo vya ng'ombe Kongwa na Chamwino, benki ya damu inatakiwa iwe na hesabu yake tayari, na swali moja la nyongeza kwa mchangiaji: je, umechinja au kuhudumia mfugo mgonjwa wiki hizi mbili?

Mzigo wa hatari hizi haugawanywi sawa. Mtu anayeongezewa chupa moja baada ya ajali anakabili hatari mara moja. Mtoto wa selimundu anaweza kufikisha chupa 100 kabla ya kuwa mtu mzima, na hatari ya dirisha ya 1 kati ya 9,200 kwake inakuwa karibu 1 kati ya 90. Hospitali ya Benjamin Mkapa imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wa aina hiyo, kazi ya kujivunia, ila wanaosubiri wanaishi kwa damu ya wengine. Kama damu ya wachangiaji wanaorudi ni chache, watoto hawa ndio wa kupewa kwanza.

Yote hayo yasimtishe mtu akaikataa chupa. Watafiti waliofanya kazi Siaya, Kenya, walionyesha mwaka 1992 kwamba mtoto mwenye upungufu mkali wa damu huokolewa na damu, mradi aipate mapema. Utafiti wa TRACT uliofanyika Uganda na Malawi, uliochapishwa mwaka 2019, ukaongeza kwamba mtoto ambaye damu yake imeshuka lakini hana dalili za hatari anaweza kuangaliwa kwa karibu bila kuongezewa hapohapo, na vifo havikutofautiana kwa kiasi kinachoweza kuthibitishwa. Chupa isiyohitajika ndiyo pekee tunayoweza kuifuta pamoja na hatari yake yote.

Naiomba mamlaka ya damu salama itangaze kila mwaka, kwa kila kanda, namba tatu: wachangiaji wangapi wamerudi, wangapi kati yao wamekutwa na maambukizi mapya, na maabara ngapi zimefaulu ukaguzi wa siri. Na wewe msomaji, kama umechangia, rudi baada ya miezi mitatu ukiwa mwanamume, minne ukiwa mwanamke. Nenda na kadi yako ileile, na uandikishe jina lilelile.